Homa Ikishapoa: Dalili Ngeni za Virusi vya Mbu na Macho ya Kigali

Mvua za mwanzo wa mwaka 2018 ziliishika Rwanda vibaya. Vilima viliporomoka, watu zaidi ya 200 wakafa, na maji yalipotuama mabondeni wafugaji wa Mkoa wa Mashariki, wa Kirehe na Ngoma wakiwemo, wakaanza kuona msiba mwingine: ng'ombe wakitupa mimba mmoja baada ya mwingine, baadhi wakichuruzika damu puani, ndama wakifa siku chache baada ya kuzaliwa. Ilikuwa homa ya Bonde la Ufa, ambayo Wanyarwanda huiita ubuganga. Mwaka 2022 ikarudi, ikaenea katika wilaya nyingi zaidi, na watu nao wakathibitishwa kuugua.

Kutoka kwenye malisho hayo hadi Kigali ni mwendo wa saa mbili au tatu kwa lori, na ng'ombe wengi husafiri kuelekea huko huko, maana mjini ndiko kwenye walaji. Swali la nani anaumwa nini baada ya mvua kubwa, kwa hiyo, halimhusu mfugaji peke yake. Linamhusu mchinjaji wa Nyabugogo anayeingia kazini alfajiri, mama anayeosha matumbo ya mbuzi yatakayogeuka brosheti jioni, na nesi wa kituo cha afya ambaye kabla ya saa sita mchana atakuwa amepokea watu kadhaa wanaosema neno moja tu: homa.

Niseme mapema ninachokiamini. Dalili nyingi tunazoziita ngeni za magonjwa ya virusi yanayoletwa na mbu zimeandikwa vitabuni zamani, hazimshangazi mtaalamu. Shida yake ni kwamba huja zikiwa zimechelewa, na huja kwenye mlango usio wake. Homa hupelekwa kituo cha afya. Jicho lililofifia hupelekwa kliniki ya macho, mimba iliyoharibika hupelekwa wodi ya wazazi, mtu anayeweweseka hupelekwa kwa daktari wa akili au kwa mchungaji amwombee, na ng'ombe aliyetupa mimba ni wa daktari wa mifugo. Kila mlango unapokea kipande chake, unakiandikia daftari lake, na mgonjwa anaondoka bila mtu yeyote kuvisoma vipande hivyo pamoja.

Tuanze na mlango wa kwanza, kwa sababu ndio wenye nguvu kuliko yote. Rwanda imejenga mfumo wa kupima malaria ambao majirani wengi wanautamani. Washauri wa afya wa vijijini, abajyanama b'ubuzima, wako zaidi ya 50,000, na kila mmoja anajua kumchoma mtu kidole, kudondosha tone la damu kwenye kile kibao cheupe cha plastiki, kuongeza matone ya dawa na kusubiri kama robo saa. Mstari mmoja, hasi. Mistari miwili, chanya, na dawa ya mseto inatolewa hapo hapo. Mfumo huo, pamoja na vyandarua na upuliziaji wa dawa majumbani, ulisaidia kuishusha malaria kutoka visa karibu milioni 5 katika mwaka 2016/17 hadi chini ya milioni 1 miaka michache baadaye. Takwimu za karibuni zimeanza kupanda tena, lakini si kufikia zilikotoka.

Sasa fikiria maana ya kushuka huko. Malaria inapopungua, idadi ya wanaopimwa na kuonekana hawana inakuwa kubwa kuliko ya walio nayo. Kibao kile kilitengenezwa kujibu swali moja, na kinalijibu vizuri. Hakikutengenezwa kusema homa iliyobaki ni ya nini. Mtu mwenye mstari mmoja mara nyingi hurudi nyumbani na antibayotiki na vidonge vya maumivu, na akipona, kama wengi wanavyopona, hakuna anayeuliza tena. Na mwenye mistari miwili naye hajamaliza hesabu, kwa sababu mtu anaweza kuwa na vimelea vichache vya malaria ambavyo havimsumbui huku virusi ndivyo vinavyompandisha joto. Jibu la chanya hufunga mjadala haraka kuliko jibu la hasi, na kwa maoni yangu ndilo linalopotosha zaidi.

Kigali ina sababu yake ya pekee ya kuchanganyikiwa hapa. Masaka, pale Kicukiro, ni moja ya sehemu ambazo watafiti walikusanya sampuli kati ya 2013 na 2015 na baadaye, katika makala iliyotoka mwaka 2020, wakaonyesha kwamba vimelea vya malaria vyenye badiliko la R561H vilikuwa vimeshaota mizizi nchini. Badiliko hilo huvifanya vichelewe kufa kwa dawa za jamii ya artemisinini. Kwa hiyo daktari wa Kigali akimwona mgonjwa aliyemeza dawa ya mseto na siku ya tatu bado anachemka, ana mashaka mawili halali. Huenda dawa imechelewa kufanya kazi. Huenda pia tangu mwanzo haikuwa malaria. Shaka la kwanza limeandikwa sana, linafundishwa na lina kipimo cha hadubini kilicho karibu. La pili halina kipimo pale kituoni, na ndiyo maana huachwa likalala.

Homa ya Bonde la Ufa inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha vizuri kuliko nyingine jinsi dalili inavyojificha kwenye kalenda.

Virusi vyake vilitambuliwa Kenya, karibu na Ziwa Naivasha, mwaka 1930 na 1931, wakati kondoo wa shamba moja walipokuwa wakifa kwa mamia. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai kwenye vidimbwi vya mabondeni, na mayai hayo huweza kukaa makavu ardhini miaka mingi yakisubiri mafuriko, baadhi yakiwa tayari yamebeba virusi. Mvua kubwa ikija, mbu hao wanaanguliwa na kuwauma wanyama. Kisha mbu wa aina nyingine, wakiwemo Culex, wanausambaza ugonjwa. Binadamu anaweza kuumwa na mbu akaupata, lakini watu wengi huupata kwa kushika damu, nyama mbichi, mimba iliyotupwa au kondo la nyuma la mnyama mgonjwa. Hakuna ushahidi kwamba mtu humwambukiza mtu mwenzake. Ndiyo kusema, ugonjwa wa mbu unaweza kumpata mtu ambaye hajaumwa na mbu hata mmoja, na swali la kawaida la kliniki, «unalala kwenye chandarua?», likampita kabisa.

Siku mbili hadi sita baada ya kuambukizwa, mtu hushikwa na homa ya ghafla, kichwa, viungo, mgongo. Wengi huishia hapo, wiki moja imekwisha. Wachache, chini ya mmoja katika mia, hupata manjano na kutokwa damu ndani ya siku mbili hadi nne, na takriban nusu yao hufa. Hao huonekana, maana hakuna nesi asiyeshtuka kwa mtu anayetapika damu. Wanaopotea ni wale wa njia nyingine mbili. Kuna wanaopatwa na uvimbe wa ubongo wiki moja hadi nne tangu homa ianze: wanasahau majina, wanaona vitu visivyokuwepo, wanapepesuka, wengine wanapata degedege la utu uzima. Na kuna wa macho, ambao makadirio ya kawaida ni kati ya nusu hadi wawili katika kila mia. Kwao tatizo huanza wiki moja hadi tatu baada ya homa.

Chukua mchinjaji wa kubuni, mwenye miaka arobaini na kitu. Aliumwa siku nne, akapima malaria, hasi, akanywa panadoli na kurudi kazini. Wiki mbili baadaye yuko kituo cha pikipiki anasoma namba ya pikipiki anayotaka kuipanda, na tarakimu za katikati hazipo. Pembeni anaona vizuri, lakini akikaza macho moja kwa moja pana doa la ukungu. Anadhani ni umri. Anakwenda kutafuta miwani. Fundi wa miwani anampima kwa herufi za ukutani, anaona hasaidiki na lenzi yoyote, anamwambia aende hospitali kubwa. Daktari wa macho akimulika nyuma ya jicho ataona uvimbe wa retina, pengine na damu kidogo. Mara nyingi hali hiyo hutulia yenyewe ndani ya wiki kumi au kumi na mbili. Lakini kidonda kikiwa kwenye kitovu cha retina, pale panapotumika kusomea na kutambua sura, takriban nusu ya wagonjwa hubaki na upungufu wa kudumu.

Hakuna kitu cha ajabu katika kisa hicho isipokuwa muda. Ikiwa daktari wa macho hataulizia homa ya wiki mbili zilizopita, na mgonjwa naye haoni sababu ya kuitaja kwa mtu wa macho, uzi umekatika. Kwa hiyo ningeanza na mazungumzo mafupi kabla ya mashine yoyote:

«Mzee, mwezi huu umewahi kushikwa na homa?»

«Homa ndogo tu, muganga. Ilipita.»

«Kazi yako ni gani?»

«Mimi ni mtu wa nyama.»

Maswali mawili, nusu dakika. Hayagharimu bima ya mituweli hata faranga moja.

Wodi ya wazazi ina kisa chake. Miaka mingi ilikubalika kwamba ubuganga hutoa mimba za ng'ombe, kondoo na mbuzi, na watu wakaachwa nje ya hesabu hiyo. Mwaka 2016 watafiti waliowafuatilia wajawazito wenye homa huko Port Sudan walichapisha matokeo yaliyonishtua nilipoyasoma: kati ya waliokuwa na maambukizi mapya ya homa ya Bonde la Ufa, asilimia 54 mimba ziliharibika, kati ya wajawazito wengine wenye homa, asilimia 12. Wanawake wenye maambukizi hayo walikuwa wachache, kama thelathini hivi, na utafiti mmoja hauwezi kubeba mzigo wote. Hata hivyo unatosha kumfanya mkunga, katika mwezi ambao redio inatangaza kuzuiwa kwa mifugo mashariki, asiiandike kila mimba iliyoharibika baada ya homa kuwa ni kazi ya Mungu au ya malaria.

Hadi hapa mtu anaweza kusema: sawa, lakini virusi vingine vya mbu ni vyepesi, mwili unauma siku tatu na maisha yanaendelea. Historia ya ukanda huu inamkana. Kituo cha utafiti cha Entebbe, kilichoanzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya homa ya manjano, kilivipa virusi vingi majina ya mahali ambapo msomaji wa Kigali anaweza kufika kwa basi na pikipiki. Zika ilipatikana mwaka 1947 katika damu ya kima aliyewekwa makusudi kwenye msitu wa Zika. Kwa miaka 60 ikahesabiwa kuwa homa ndogo isiyo na habari. Hata ilipokipiga kisiwa cha Yap mwaka 2007 na kuwaambukiza karibu robo tatu ya wakazi, watu walipata vipele na macho mekundu, basi. Ilipofika Polinesia ya Ufaransa mwaka 2013, madaktari wakaona watu wakipooza miguu kwa ugonjwa wa Guillain-Barré kupita kawaida. Brazili mwaka 2015, watoto wakazaliwa na vichwa vidogo.

Je, virusi viligeuka? Kuhusu hilo wataalamu wanaendelea kubishana, na yapo mabadiliko waliyoyaona. Lakini sehemu kubwa ya jibu ni hesabu tu. Tatizo linalompata mmoja katika maelfu halitaonekana katika kijiji chenye wagonjwa arobaini. Kwenye mji wa watu milioni, litajaza wodi. Chikungunya inafundisha hivyo hivyo. Ilijulikana tangu mlipuko wa 1952 na 1953 kusini mwa Tanganyika, uwanda wa Wamakonde, kwa maumivu makali ya viungo. Mwaka 2004 ilipita Lamu, ambako uchunguzi wa damu ulionyesha robo tatu ya watu waliambukizwa. Mwaka uliofuata ikaingia Komoro. Kisha Réunion, ikawashika watu kama 266,000, theluthi ya kisiwa kizima. Ni hapo tu, kwenye hospitali zenye vitanda, mashine na kumbukumbu za kutosha, ndipo madaktari walipoonyesha wazi kwamba mama anayejifungua akiwa na virusi damuni anaweza kumwambukiza mtoto, na kwamba baadhi ya watoto hao huathirika ubongo. Sidhani kama watoto wa Lamu na Komoro walisalimika wote. Nadhani hawakuhesabiwa.

Kisa cha New York cha mwaka 1999 ndicho ninachokipenda zaidi, kwa sababu kinamwonyesha mtu akitambua. Mwezi wa Agosti, Deborah Asnis, daktari wa magonjwa ya kuambukiza katika hospitali ya Flushing, Queens, alikuwa na wazee wachache wenye homa na kuchanganyikiwa. Hilo peke yake lisingemsumbua. Kilichomsumbua ni kwamba misuli yao ilikuwa imelegea, jambo ambalo uvimbe wa ubongo wa kawaida hauleti sana. Hakungoja kujua ni nini. Aliipigia simu idara ya afya ya jiji akiwa na wagonjwa wawili tu. Maabara ikasema kwanza ni homa ya ubongo ya Saint Louis. Upande mwingine wa jiji, Tracey McNamara, mtaalamu wa vifo vya wanyama katika bustani ya wanyama ya Bronx, alikuwa akipasua kunguru na ndege wake waliokufa, na alijua kwamba virusi vya Saint Louis haviui ndege. Akashikilia hivyo, ingawa mwanzoni hakusikilizwa. Mwishowe jibu likatoka: virusi vya West Nile, vilivyopatikana kwa mara ya kwanza mwaka 1937 katika damu ya mwanamke mmoja wa kaskazini-magharibi mwa Uganda. Vilikuwa vimevuka bahari.

Daktari wa watu aliona misuli, daktari wa wanyama aliona ndege, na jibu lilikaa katikati yao likisubiri wakutane. Rwanda ina sera ya Afya Moja inayotaka wizara za afya, mifugo na mazingira zikae meza moja. Kwenye karatasi ni nzuri. Kipimo changu cha sera hiyo ni kidogo zaidi: bwana mifugo wa sekta anapoandika kwamba mbuzi ishirini wametupa mimba wiki hii, je, nesi wa kituo cha afya kilicho ng'ambo ya barabara anajua kabla ya Ijumaa?

Kidingapopo, yaani homa ya dengue, ni mlango mwingine tena, na kwa Kigali ni suala la safari. Mji uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku huchelewesha virusi kukomaa ndani ya mbu; hiyo ni kinga ya asili, ingawa si ya kudumu milele. Lakini malori yanapanda kila siku kutoka bandari ya Dar es Salaam kupitia Rusumo, ndege zinatua Kanombe, na Dar es Salaam yenyewe ilithibitisha wagonjwa zaidi ya 1,000 mwaka 2014 na zaidi ya 6,000 mwaka 2019. Mtu akiumwa siku mbili baada ya kurudi kutoka Kariakoo kununua bidhaa, swali la safari lina uzito kuliko thamometa.

Na thamometa katika kidingapopo ni mwongo. Homa hupanda siku tatu, nne, tano, kisha inashuka. Familia inashukuru, mgonjwa anaombwa ale kidogo. Kumbe ndipo hatari inapoanza kwa wachache: katika saa 24 hadi 48 baada ya joto kushuka, mishipa midogo inaweza kuanza kuvujisha maji ya damu. Tumbo linauma mfululizo, kutapika hakukomi, ufizi unatoka damu, mtu anatulia kupita kiasi au anahangaika bila sababu, mikono inakuwa ya baridi. Dalili hizi hazifanani na homa, ndiyo maana hupuuzwa. Mzazi anasema mtoto amechoka. Hapo hospitali inaweza kuokoa maisha kwa drip iliyopimwa vizuri, wala si kwa dawa ya ajabu. Na kabla ya hapo, katika zile siku za maumivu, sindano ya diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ni za kuepukwa kwa sababu zinaongeza uwezekano wa kutokwa damu, parasetamo inatosha. Duka la dawa mtaani halitakuambia hivyo usipouliza.

Lazima niweke tahadhari moja, kwa kuwa Kigali ilishaipata kwa gharama kubwa. Tarehe 27 Septemba 2024 serikali ilitangaza ugonjwa wa Marburg. Hadi ulipotangazwa kwisha, tarehe 20 Desemba, watu 66 walikuwa wamethibitishwa na 15 wamekufa, wengi wa walioambukizwa wakiwa watumishi wa afya. Marburg haina uhusiano wowote na mbu. Chimbuko lake ni popo wa mapangoni, kisha mtu humwambukiza mtu. Lakini siku zake za kwanza hazina tofauti na za malaria wala za ubuganga: joto, kichwa, misuli, tumbo. Kwa hiyo makala inayomfundisha mtu kuwaza virusi vya mbu isimfanye nesi amguse bila glavu mtu mwenye homa na damu, kwa kuwa eti mbu haambukizi kwa kugusana. Kwanza mgonjwa atengwe na mhudumu ajikinge, kisha ndipo watu wakae kubishana jina.

Jina lenyewe hupatikana kwa kujua siku. Virusi vya ubuganga, kidingapopo na ndugu zao hukaa kwenye damu siku chache za mwanzo, kwa kawaida wiki moja au pungufu. Ndani ya muda huo kipimo cha kutafuta chembe za urithi za virusi kinafaa. Baada yake kinarudisha hasi hata kama mgonjwa alikuwa navyo, na cha kutafuta ni kingamwili. Yule mchinjaji wa doa machoni akichukuliwa kipimo cha kwanza katika wiki ya tatu ataambiwa hana kitu, na daktari aliyemtuma ataamini. Kwa sababu hiyo fomu ya maabara isiyo na tarehe ya kuanza homa ina thamani ndogo sana, hata ikipelekwa maabara ya taifa. Kabla ya kufika huko, picha kamili ya damu na vipimo vya ini, ambavyo hospitali ya wilaya inaviweza, hutoa fununu: chembe nyeupe zikiwa chini, chembe sahani zikiwa chini na vimeng'enya vya ini vikiwa juu kwa mtu asiye na malaria, basi kuna sababu ya kupiga simu.

Hata simu ikipigwa, jibu linaweza kushangaza. Watafiti walipochunguza damu ya ng'ombe waliougua wakati wa mlipuko ule wa 2018 Rwanda, walikuta baadhi yao hawana ubuganga peke yake, na wengine hawana kabisa. Walikuwa na virusi vya Bunyamwera, vilivyopatikana kwa mara ya kwanza kwenye mbu wa Semliki, Uganda, mwaka 1943, ambavyo vitabu huvitaja kama vya homa nyepesi. Ng'ombe waliokuwa navyo walitupa mimba na kutokwa damu kama wenzao. Ina maana bwana mifugo aliyeangalia kwa macho, akasema «hii ni ubuganga», angeweza kuwa amekosea kwa ng'ombe huyu na kupatia kwa yule wa pembeni yake. Chanjo ya ubuganga haimkingi ng'ombe dhidi ya Bunyamwera. Mfugaji akiona mnyama wake aliyechanjwa ametupa mimba, atasema chanjo ni ya uongo, na mwaka unaofuata atamficha daktari. Sijui kosa la kitaalamu lenye gharama ya kijamii kubwa kuliko hilo.

Upande wa watu, kuna uchunguzi uliofanywa kwenye damu ya Wanyarwanda waliojitolea kuchangia, yaani watu wazima wenye afya, ukachapishwa mwaka 2019. Zaidi ya nusu walikuwa na kingamwili zinazoitikia chikungunya. Kama mmoja katika kumi aliitikia West Nile. Zika, katika uchunguzi mwingine wa wachangia damu, ilikuwa ndogo, mmoja au wawili katika mia. Matokeo ya chikungunya yanastahili kusomwa mara mbili. Zaidi ya nusu ya watu waliopimwa walishakutana na virusi hivyo au ndugu zake wa karibu, na bado ni vigumu kumpata Kigali mtu anayesema aliwahi kuugua chikungunya. Waliugua wakaambiwa nini? Malaria, mafua, uchovu, baridi yabisi ya ukubwani. Hasa hiyo ya mwisho, kwa kuwa viungo huweza kuuma miezi mingi baada ya homa kusahaulika, na mwanamke wa Kimironko asiyeweza kukamua nguo asubuhi hafikirii kabisa mbu wa mwaka jana.

Na neno «ndugu zake wa karibu» lina kazi hapa. Kipimo cha kingamwili cha kawaida hakitofautishi vizuri chikungunya na o'nyong'nyong, virusi vilivyoanza kuvuma kaskazini mwa Uganda mwaka 1959, vikawashika watu wapatao milioni 2 katika Afrika Mashariki hadi 1962, kisha vikarudi Rakai, karibu na mpaka wa Tanzania, mwaka 1996. Kwa mgonjwa zote mbili ni homa, vipele na viungo, ila o'nyong'nyong huvimbisha sana tezi za nyuma ya shingo, na kidole cha nesi kinaweza kuzigusa kama kina desturi ya kupita hapo. Kutofautisha si anasa ya wasomi. Chikungunya huenezwa na Aedes, anayeuma mchana na kutaga kwenye matairi, ndoo na vifuniko vilivyoachwa uani. O'nyong'nyong huenezwa na Anopheles, mbu yule yule wa malaria, anayeuma usiku. Ikiwa kingamwili zile nyingi ni za o'nyong'nyong, vyandarua vilivyogawiwa kwa ajili ya malaria vimekuwa vikizuia ugonjwa wa pili bila mtu kuuandikia sifa. Ikiwa ni za chikungunya, chandarua hakijazuia chochote, na wafagiaji wa Jumamosi ya umuganda, siku ya kazi ya pamoja, wana kazi ya kuanza kutazama ndani ya matairi.